Mkwaruzo wa Bampa: Nani Anabeba Hasara?



Wiki hii nataka tutafakari jambo linalotokea kwenye maegesho ya supamaketi, hospitalini, hata hapa kanisani watu wakikimbilia ibada ya pili. Unarudisha gari nyuma, unasikia "krrr". Umegusa bampa ya Land Cruiser. Hakuna aliyeumia, na mwenyewe hayupo. Swali ni hili: una deni gani, na kwa nani?

Majibu yanayokuja haraka moyoni ni mawili. La kwanza: "Ana bima, kampuni italipa." La pili: "Huyu ni tajiri, hata hatahisi." Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, kwa hivyo wacha tuyapime kwa hesabu kwanza, halafu kwa Neno.

Fundi wa bodi hawezi kupaka rangi pale penye mkwaruzo tu. Anapiga msasa, anaziba, kisha anapuliza bampa nzima, kwa sababu rangi ya kung'aa ikipakwa kipande inaonekana kama kiraka. Gari likiwa kubwa, bampa nayo ni kubwa. Ndiyo maana alama ya urefu wa kidole haina bei ya kidole.

Na bima? Bima ambayo Sheria ya Kenya, Sura 405, inamlazimu kila mwenye gari kuwa nayo ni ya kifo na majeraha ya watu wengine. Bampa haimo katika lazima hiyo. Hata aliyekata bima kubwa, kwa kawaida hubeba sehemu ya kwanza ya hasara mwenyewe. Tuseme sehemu hiyo ni Sh20,000 na fundi anataka Sh15,000. Kampuni haitoi hata ndururu. Na ikitoa, hiyo pesa ni michango ya wateja wengine, si mana kutoka mbinguni.

Sasa huyo "tajiri". Gari kubwa mara nyingi lina watu wawili: aliye kwenye logibuku na anayeshika usukani. Jioni bosi anauona mkwaruzo, anamwita dereva. "Uligonga wapi?" Dereva hajui. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu mfanyakazi akatwe mshahara kwa uharibifu uliotokana na kosa lake la makusudi, na hapa hana kosa lolote. Lakini ni madereva wangapi watabishana na bosi juu ya kifungu cha sheria? Akiponyoka dereva, anaulizwa soja wa geti. Wapendwa, hasara haiyeyuki. Usipoibeba wewe, inateremka mpaka impate mtu asiye na pa kulalamika.

Neno linasemaje? Katika Hesabu 5, aliyemkosea mwenzake anatakiwa kukiri, kurudisha kamili na kuongeza sehemu ya tano. Kwa mkwaruzo wa Sh15,000, hiyo tano ni Sh3,000. Sisemi tuifanye amri ya maegesho, lakini inatuonyesha kwamba Mungu anahesabu hata usumbufu. Kutoka 21:19 inamtaka aliyemjeruhi mwenzake alipie matibabu na pia muda aliopoteza. Basi ukigonga matatu ya abiria 33, usiulize bei ya rangi peke yake. Uliza pia siku ambayo gari litalala gereji bila kuingiza kitu. Na Walawi 19:15 inatukataza kupendelea katika hukumu, awe ni maskini au ni mkubwa. Utajiri wa mtu haupunguzi haki yake.

Lakini haki ina pande mbili. Ndugu mwenye gari kubwa, kulipwa ni kurudishiwa kile ulichokuwa nacho. Kama bampa ilikuwa na michubuko mitatu ya zamani, usimbebeshe jirani ubavu mzima wa gari. Pata makadirio ya mafundi wawili, muonyeshe, mkubaliane.

Kuna swali gumu ambalo siwezi kulipita. Mtu ataniambia, "Pasta, Sh15,000 ni karo ya mtoto. Nikiacha namba yangu, nimejimaliza." Sidharau maneno hayo. Lakini kukosa pesa hakumzuii mtu kusema, "Ni mimi." Deni laweza kulipwa pole pole kwa M-Pesa. Na pengine mwenye gari ataangalia, acheke, aseme, "Nenda, Mungu akubariki." Hiyo ni haki yake, si yako. Msamaha ni mali ya aliyekosewa. Anayeondoka kimya amejisamehe mwenyewe kwa mfuko wa mtu mwingine, tena amemnyima huyo mtu nafasi ya kusamehe.

Serikali nayo imesema. Sheria ya Trafiki, Sura 403, inamtaka dereva baada ya ajali yenye uharibifu asimame na atoe jina na anwani yake. Asipofanya hivyo, aripoti kwa polisi ndani ya saa 24. Sisi tulio na Roho Mtakatifu tusingoje kushurutishwa na Sura 403. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne bila Yesu kumdai.

Kwa hivyo, wiki hii weka kalamu na karatasi ndani ya gari. Ukigusa gari la mtu, piga picha, andika jina na namba ya simu, bana karatasi chini ya waipa. Kisha mwambie soja wa geti kwamba ni wewe. Huyo ndiye usimsahau, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa kwanza.

Mungu atupe mioyo inayosema ukweli hata mahali pasipo na kamera. Amina.