Deni la Aliyejifunza Mwenyewe: Dijei kama Fanani

Je, yupo mtu aliyejifunza mwenyewe? Swali hili linazuka tunapozingatia sifa anazopewa Slikback, dijei na mtunzi wa muziki wa kielektroniki kutoka Nairobi. Mwaka 2018 alitoa Lasakaneku kupitia Hakuna Kulala, lebo ya Kampala, na baadaye akatumbuiza Ulaya na Asia. Husemwa kwamba hakufunzwa na mtu.

Kauli hiyo ina ukweli wake: jitihada ni zake. Lakini ikigeuzwa kuwa sifa ya kimaadili, inapotosha. Katika fasihi simulizi, fanani hatungi katika ombwe. Hurithi hazina ya jamii, na hadhira humrekebisha papo hapo. Manju hakutunukiwa shahada, ila hakukosa walimu. Vivyo hivyo kijana wa Mutuini apandaye matatu kwenda mjini husomeshwa na spika kabla hajagusa kompyuta. Akipiga muziki usiku na wachezaji wakaketi, huo ndio mtihani wake.

Tunadai, basi, kwamba kujifunza mwenyewe ni kujifunza kwa wengi wasiotajwa. Mwanachuo hulipa karo na anajua anamlipa nani. Huyu hana ankara. Je, asiyemjua mdai wake amesamehewa deni? La hasha. Deni lisilo na mdai maalumu hulipwa kwa kupokezana: kuwataja waliotangulia, na kumwachia ajaye mlango wazi. Asiyefanya hivyo hakujifunza mwenyewe, alichukua, akanyamaza.