Kikombe cha Kuharakisha Uchungu

Muuza ndagala mmoja wa Kalemie alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza magharibi. Hadi usiku wa manane mtoto alikuwa hajatoka. Mama mkwe akaingiwa na huruma, akachemsha majani. "Kunywa, mwanangu, upumzike mapema." Akanywa kikombe, akaongezewa cha pili. Uchungu ukaja kwa nguvu, nao haukuachia tena. Tumbo likawa gumu kama ubao. Walipofika kituo cha afya, mkunga aliweka sikio kwenye koni yake, akaihamisha, akasikiliza tena. Moyo wa mtoto ulikuwa umenyamaza.

Tusimwite mama mkwe mjinga, kwa maana mitishamba ya namna hiyo ina nguvu kweli. Miaka ya 1960, hapa hapa Kongo, daktari Mnorwe Lorents Gran wa Msalaba Mwekundu aliona wanawake wakinywa chai ya kalata-kalata ili wazae upesi. Alipoijaribu maabarani kwenye mji wa mimba wa panya, ukajikaza. Kiini chake kinaitwa kalata B1. Mwaka 1995 ilibainika kuwa kina umbo la pete isiyo na ncha, nacho hakiharibiki hata kikichemshwa.

Basi kosa lilikuwa wapi? Katika mji wa mimba, wa panya na wa mwanadamu pia, mishipa midogo ya damu hupita katikati ya misuli. Misuli ikijikaza, mishipa hubanwa na damu iendayo kwenye kondo hupungua. Ikilegea, damu hurudi. Ule muda mfupi kati ya uchungu na uchungu, ambao mama huuona wa kupumzika, ndio mtoto anapopatia hewa. Baada ya kuzaa, mbano huo huo huifunga mishipa na kumwokoa mama asivuje damu. Kabla ya kuzaa, ukizidi, humnyonga mtoto.

Hospitalini, oksitosini ya kuongeza uchungu huingia tone kwa tone, mkunga akishika tumbo na kusikiliza moyo. Likikaza mno, dripu hufungwa. Majani hayana kipimo, na chai iliyokwisha kumezwa haifungwi.

Mama wakwe wa Kalemie, huruma yenu tunaihitaji. Uchungu ukichelewa, mshikeni binti mkono, mfike naye kwa mkunga kabla sufuria haijainjikwa.