Mkono Mmoja Katika Kheri

Tumeletewa swali na ndugu zetu Waislamu wanaokaa Kisii, nasi tumeona si vema kulijibu kwa barua ya faragha, maana latuhusu sote. Chama chao kidogo cha kuwasaidia mayatima na wajane kimealikwa kiingie katika muungano wa mashirika ya misaada ya Kisii na Nyamira. Wengi katika muungano huo ni watu wa makanisa, na wengine hawafungamani na dini yoyote. Baadhi ya wanachama wasema: “Tukiingia, jina letu litamezwa.” Na baadhi wasema: “Sadaka ni ibada, vipi tushirikiane katika ibada na wasiokuwa Waislamu?” Basi wauliza: lipi lililo sawa?

Kabla ya kuhukumu, yatupasa tulijue jambo lenyewe. Nchi ya Wagusii ni nchi ya milima, mvua, migomba na chai, na watu wake wamebanana. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Waislamu humo ni wachache mno. Fitina ilipowaka baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini Kenya, na mamia ya maelfu wakatolewa majumbani mwao. Wagusii wengi waliokuwa wakiishi Bonde la Ufa walikimbilia kwa jamaa zao, na mpakani mwa Borabu na Sotik nyumba zilitiwa moto.

Sasa zingatia, ndugu msomaji. Wengi wa watu hao hawakukaa katika mahema. Walipokewa na wajomba na mashemeji. Aliye katika hema huonekana, huhesabiwa na hupigwa picha. Aliye katika chumba cha nyuma cha mjomba wake, pamoja na watoto wanne, haonekani na yeyote. Ndiyo sababu wakimbizi hao wa majumbani, kwa miaka mingi baada ya mapatano ya tarehe 28 Februari 2008, walilalamika kuwa wamesahauliwa ilhali wenzao wa kambini walikumbukwa.

Ni nani angaliweza kuwatafuta wote hao peke yake? Huyu ana dawa lakini hakijui kilima. Yule akijua kilima, nyumba kwa nyumba, lakini hana dawa. Faida ya muungano ni hiyo: kuweka orodha pamoja, ili mmoja asipewe mara tatu na jirani yake akakosa hata mara moja. Wala sisi wa pwani tusiwacheke watu wa bara. Kila Ramadhani twaona tende na mchele vikirundikana katika msikiti mmoja, na mtaa wa pili wakifuturu maji, kwa kuwa kila chama chatoa bila ya kuuliza mwenzake ametoa wapi.

Ama hoja ya ibada, jibu lake ni kupambanua. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Suratu Tawba, na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kuwa hapewi asiyekuwa Muislamu, wala haihamishwi kutoka mji wake maadamu wamo wanaoistahiki. Basi zaka isitiwe katika mfuko wa muungano. Lakini sadaka ya hiari mlango wake ni mpana, na hao hao wanavyuoni wameruhusu apewe Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Chama na kiwe na mifuko miwili na madaftari mawili, visichanganyike. Na anayehofia ibada yake ajue kuwa ibada imo katika nia, na nia haishirikiwi na mtu. Kinachoshirikiwa ni gari, ghala na orodha ya majina.

Na tunao mfano ulio bora kuliko hoja zetu. Mtu wa Zabidi alidhulumiwa mali yake Makka na mkubwa mmoja wa Kikureshi. Baadhi ya koo zikakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na kila mdhulumiwa hata arudishiwe haki yake. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alihudhuria akiwa kijana, kabla ya kupewa utume. Na baada ya Uislamu alisema kuwa lau angaliitwa tena kwa mapatano kama yale, angaliitika. Atasema msemaji: ile ilikuwa haki ya mdhulumiwa, si unga wa mwenye njaa. Twamjibu: aliyechomewa nyumba kwa sababu ya kabila lake, je, si mdhulumiwa?

Imebaki hofu moja, nayo si ndogo: kwamba msaada huweza kufanywa chambo cha kuwavuta watu katika dini. Hofu hii isidharauliwe. Lakini mwaka 1994 Msalaba Mwekundu, Hilali Nyekundu na mashirika mengine walitunga kanuni kumi, na miongoni mwazo ni kuwa msaada hutolewa kwa kadiri ya shida, wala hautumiwi kueneza siasa au dini. Ndugu zetu na waulize kabla ya kutia saini: je, muungano huu wajifunga na sharti hilo? Ukijifunga, utakuwa umemfunga padri, na umetufunga na sisi pia. Nasi tusitake uadilifu wa upande mmoja. Islamic Relief, lililoanzishwa Birmingham mwaka 1984, lilitia saini mwaka 2014 mapatano ya ushirikiano na Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu, wala halikuacha kuwa shirika la Waislamu.

Ama jina kumezwa, hapa twasema kwa uchungu, maana ugonjwa huu ni wetu pia. Tunataka gunia liandikwe jina letu, na mjane ashike gunia apigwe picha. Je, tulimtolea Mwenyezi Mungu au tulijitolea nafsi zetu? Ikiwa jina litapotea na mjane akashiba, hatukupata hasara. Jina likibaki na mjane akalala na njaa, hiyo ndiyo hasara.

Kwa hivyo rai yetu ni kuwa waingie: zaka yao waitenge, sharti la kutovuta dini walishike, na wakiona limevunjwa waseme waziwazi, na wasiposikizwa watoke. Bali wasikae nje kwa kiburi, wakadhani wanailinda dini.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.