Filimbi ya Unoka

Mwanangu, najua una haraka. Mtihani uko mlangoni, na mwenzako kakurushia kwenye simu desa la kurasa nne la riwaya ya Things Fall Apart: dhamira, wahusika, funzo, basi. Unaniuliza, mwalimu, kuna haja gani ya kuhangaika na kitabu kizima? Sikulaumu. Desa la namna hiyo mimi mwenyewe nimeliandika ubaoni miaka na miaka. Wanafunzi walinakili, wakakariri, wakafaulu.

Niliandika hivi: Okonkwo, shujaa aliyeponzwa na hasira. Unoka, baba yake, mvivu na mdeni. Nwoye, mtoto wa Okonkwo, aliyewasaliti wazee. Nilijiona hodari kweli. Suruali imenyooka, Kiingereza kinateleza.

Nyumbani nilikuwa na kijana wangu wa kwanza. Alifuga njiwa. Hesabu zilimshinda, lakini njiwa wake aliwajua mmoja mmoja. Mimi niliona huo ni mwanzo wa kupotea. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa bao na soga, deni la dukani haliishi, na niliapa kwamba kwangu hatatoka mtu wa aina ile. Kijana alipoleta ripoti mbaya nikamwamuru alivunje banda kwa mikono yake mwenyewe. Akalivunja. Hakusema neno.

Muhula huohuo nilikuwa nafundisha kifo cha Ikemefuna, mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Okonkwo. Unaijua sehemu ile? Hapana, kwenye desa ni mstari mmoja. Mzee Ezeudu anamwonya Okonkwo asitie mkono wake, kwa sababu mtoto yule anamwita baba. Okonkwo anakwenda, na panga la mwisho linakuwa lake. Nikauliza darasani: kwa nini? Wakajibu sawasawa: aliogopa kuonekana dhaifu, aliogopa kufanana na baba yake. Nikawapa vema zao. Mimi niliyekuwa nimesimama mbele sikusikia kitu.

Kitabu hicho nilikuja kukisoma kweli baada ya kustaafu, sina kalamu nyekundu mkononi, sina mtu wa kumsahihisha. Ndipo nikamwona Nwoye. Alipenda hadithi za mama yake, zile za kobe, ila alijifanya hazitaki tena, anataka za vita na damu, ili baba afurahi. Nilikifunga kitabu hapo, nikakaa. Mtoto anajifanya, na baba anadhani amelea. Nikamkuta na Unoka pia. Alipopelekwa porini kufa, tumbo limevimba, alichukua filimbi yake. Ubaoni sikuwahi kuiandika filimbi hiyo. Haikuwa na maksi.

Sasa usinielewe vibaya. Unoka alikopa na hakulipa, watoto wake walilala njaa. Sikuambii mvivu ni mtu mwema. Nakuambia mtu huyo alikuwa na zaidi ya lile neno moja nililompachika, na mwandishi alikuwa ameyaweka yote pale, wazi, nami nikapita kwa mwendo wa basi.

Na huyo mwandishi naye alijua kungoja. Chinua Achebe alikuwa kijana bado, hajafika miaka 30, anafanya kazi redioni Lagos. Muswada aliuandika kwa mkono, nakala moja tu, akautuma London kwa posta upigwe chapa. Kimya. Miezi ikapita, kimya. Uliokolewa na bosi wake, mama mmoja Mwingereza, alipokwenda likizo kwao akaingia kwenye ofisi ya wapiga chapa kuwauliza. Kitabu kikatoka 1958. Wewe ujumbe wako usipojibiwa kwa dakika tano umeshanuna.

Kwa hiyo, mwanangu, desa lisome. Mtihani ni mtihani, na mimi si mnafiki wa kukukataza chakula nilichokipika. Lakini kitabu chenyewe kifungue pia, jioni, sura moja moja. Ukimkuta mtu amepewa jina baya, mvivu, msaliti, mlevi, usilinakili upesi. Mfuatilie kwanza, uone alikuwa anapenda nini. Na rafiki zako uwafanyie hivyohivyo, na hata mzazi wako anayekufokea usiku wa leo.

Kijana wangu ana watoto wake sasa. Akipiga simu huongea kwanza na mama yake, mimi nangoja zamu. Niliwahi kuanza kumwomba radhi kuhusu lile banda. Akaniuliza bei ya mahindi huku kwetu. Nikamjibu bei ya mahindi. Mambo haya nayo hayaendi kwa haraka yangu. Akija Desemba nitajaribu tena, na safari hii sitasubiri yeye aanze.

Haya, zima simu. Anzia sura ya kwanza, usiruke majina ya Kiigbo kwa sababu ni magumu. Yatamke, hata kwa kukosea.