Hoja ya Mvivu

Wagiriki wa kale waliita hoja ya mvivu ile hoja inayotoka kwenye imani kwamba yatakayotokea yamekwisha kuamuliwa. Inakwenda hivi: ikiwa mgonjwa amekadiriwa kupona, atapona, amwite tabibu asimwite, ikiwa amekadiriwa kufa, atakufa, amwite asimwite. Lazima liwe moja kati ya hayo, basi kumwita tabibu ni kazi bure. Hoja hii iliwabana hasa Wastoiki, waliofundisha kwamba kila tukio limefungwa katika mnyororo wa sababu.

Jibu zito lilitoka kwa Chrysippus, kiongozi wa Wastoiki mjini Athens katika karne ya 3 KK, nalo limehifadhiwa na Cicero katika kitabu chake juu ya kadari cha mwaka 44 KK. Mambo mengi, alisema, hukadiriwa pamoja na njia zake. Mfalme Laius hawezi kukadiriwa kumzaa Oedipus alale na mke asilale, wala Milo kupigana mieleka Olympia awe na mpinzani asiwe naye. Kosa basi limejificha katika maneno “amwite asimwite”. Imani ya kadari haikuyasema hayo, yamepenyezwa. Anayeamini kwamba kupona kumeandikwa hana sababu ya kudhani kwamba tabibu hakuandikwa.

Katika Uislamu suala hilo liliibuka mahali pa hatari zaidi kuliko darasani. Mwaka 639, Khalifa Umar bin Khattab akielekea Sham, alipata habari huko Sargh kwamba tauni imezuka. Alitaka ushauri, kisha akaamua kurudi. Abu Ubaida bin Jarrah, amiri wa majeshi ya Sham, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba anaikimbia kuelekea kadari ya Mungu vilevile: mwenye ngamia akiteremka bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, popote atakapowalisha ni kwa kadari. Ndipo Abdurrahman bin Auf alipoeleza kuwa Mtume alikataza kuingia nchi yenye tauni, na pia kuitoka kwa kuikimbia. Abu Ubaida alibaki Sham, akafa kwa tauni hiyo. Si haki kumhesabu miongoni mwa wavivu.

Majibu haya yanauondoa uvivu, lakini hayagusi lawama. Kama kumwita tabibu kumekadiriwa, kutomwita nako kumekadiriwa, na mzembe atajitetea kwa hilo. Wanatheolojia wa Kiislamu wa madhehebu ya Mu'tazila walimkatalia utetezi huo kwa kusema kwamba binadamu huumba matendo yake mwenyewe. Ash'ari, aliyeanzia kwao kisha akawaasi, alifundisha kwamba Mungu huumba tendo na mja hulichuma, hivyo dhima ni ya mja. Namna ya kuchuma tendo lililokwisha kuumbwa na mwingine haikuwaelea wengi: miongoni mwa wanazuoni wa Kiarabu, “kuchuma kwa Ash'ari” kukawa mithali ya jambo lisiloshikika.