Uislamu na Haki ya Mwenye Akili Nzito Kujitegemea

Wako wanaotuuliza hivi: Ikiwa Uislamu ni dini inayomwita mwanadamu kwa hoja, na sheria zake hazimlazimu asiye na akili, basi mtu mzima aliyezaliwa na akili nzito ana daraja gani ndani yake? Je, ni mtoto wa maisha, wa kulishwa na kuvishwa mpaka nywele zimwote mvi? Au aweza kuwa na chumba chake, kazi yake na fedha zake, na neno lake likasikilizwa?

Swali hili, ndugu msomaji, si la kupitishia wakati. Katika miji na vijiji vyetu watu wa namna hii wamo, ila mara nyingi hawaonekani. Majirani hujua kwamba nyumba fulani ina kijana wa miaka 30 ambaye huingizwa chumbani wageni wakija. Wazazi wake si wakatili. Wanaona haya, tena wanaogopa asije akadanganywa, akachekwa, au akapigwa. Na usiku mama hujiuliza lile asilothubutu kulitamka mchana: nikifa mimi, huyu atabaki na nani?

Wanaoshikilia kuwa mtu kama huyu lazima awe chini ya mkono wa wengine maisha yake yote huitegemea Sura An-Nisaa, aya ya 6. (Sisi huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, katika misahafu mingine utaikuta ni ya 5.) Humo Mwenyezi Mungu amekataza mali isikabidhiwe kwa wasio na busara. Ni kweli, lakini wengi husimama katikati ya aya. Sehemu yake ya pili yaamuru watu hao walishwe na wavishwe katika mali hiyo, na waambiwe maneno mema. Wafasiri wa kale, akiwemo Zamakhshari, waliangalia kwamba neno lililotumika maana yake ni "ndani yake", wala si "kutoka kwake", wakafahamu kuwa mali hiyo ifanyiwe biashara ili mwenyewe ale katika faida. Basi msimamizi ni mtumishi wa mwenye mali. Si bwana wake. Na aya inayofuata, inayohusu mayatima, yaamuru wajaribiwe. Mtu atajaribiwaje kwa kitu asichopewa hata kukigusa?

Imamu Abu Hanifa alikwenda mbali zaidi. Kwake yeye, mtu huru mwenye akili, akifika miaka 25, hukabidhiwa mali yake hata akiwa mbadhirifu, kwa kuwa kumwondolea mtu mzima uwezo wa kuamua ni kumwondolea utu wake, na hasara hiyo yashinda hasara ya mali. Wanafunzi wake wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, hawakukubaliana naye. Naye alisema hayo juu ya mbadhirifu, si juu ya mwenye akili nzito. Hata hivyo mizani aliyoitumia yafaa kushikwa: upande mmoja mali, upande wa pili utu.

Lakini dalili iliyo nzito zaidi imo katika Hadithi. Alikuwako Madina Sahaba mmoja wa Ansari, ambaye wanazuoni wengi humtaja kuwa ni Habban bin Munqidh r.a. Alikuwa amejeruhiwa kichwani, na akili yake na ulimi wake vikadhoofika. Hata hivyo aliendelea kununua na kuuza sokoni, na kila mara akipunjwa. Jamaa zake wakamwendea Mtume Mtukufu s.a.w. wakamwomba amzuie asifanye biashara. Mtume s.a.w. akamwita, akamkataza. Yule mtu akajibu kwamba hawezi kuvumilia kukaa bila biashara.

Hapa, ndugu msomaji, nakuomba utulie kidogo. Jamaa walikuwa na haki ya kuogopa, na katazo lilikwisha kutolewa na Mtume wa Mungu mwenyewe. Lakini neno la yule dhaifu lilisikilizwa, na hukumu ikabadilika. Aliambiwa kuwa kama haachi biashara, basi kila anunuapo aseme: pasiwe na hadaa. Katika mapokezi mengine alipewa pia hiari ya siku 3 ya kurudisha alichonunua. Imamu Muslim amepokea kwamba hata neno hilo fupi ulimi wake haukuweza kulitamka sawasawa. Akalisema hivyo hivyo, nalo likawa na nguvu ya sheria.

Tena inasimuliwa kwamba aliishi mpaka zama za Seyidna Uthman r.a. Akirudisha bidhaa, na muuzaji akikataa, Sahaba yeyote aliyepita pale alimshuhudia kwamba asemalo ni kweli. Soko zima likawa mlinzi wake.

Kweli, huyu hakuzaliwa hivyo, aliumia ukubwani. Lakini sioni tofauti hiyo yabadili nini. Hakufungiwa nyumbani, wala hakuachwa apunjwe. Aliongezewa kile alichopungukiwa, akabaki mfanya biashara.

Linganisha na dunia ya leo. Uingereza, ambayo kwa miaka mingi iliwaweka watu hawa katika mahospitali makubwa, ilitikiswa mwaka 1969 na ripoti juu ya mateso ya wagonjwa katika hospitali ya Ely, Cardiff. Sheria yake ya mwaka 2005 yasema kwamba mtu asihesabiwe hawezi kuamua mpaka asaidiwe kwa kila njia iwezekanayo, wala asihesabiwe hivyo kwa sababu tu uamuzi wake si wa busara. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zimeuridhia, wataja haki ya kuishi kwa kujitegemea miongoni mwa watu. Tunayafurahia hayo. Mkaazi wa Madina asingeyaona mageni.

Ila wako wanaodhani kujitegemea ni kupewa ufunguo wa chumba na kuachwa. Chumba kisicho na wa kubisha hodi ni kifungo kingine. Habban alikuwa na Masahaba sokoni. Huyu wetu atakuwa na nani, ikiwa msikitini hatusimami naye safu moja, na muuza duka hamjui jina? Sharti la 9 la baiati latutaka tuwahudumie viumbe wa Mungu kwa ajili Yake tu. Utumishi huo waweza kuanza kwa mwenye duka kuhesabu chenji polepole.

Na ndugu zake wajue jambo hili. Uzito wa akili haupunguzi fungu la urithi hata senti moja. Mara ngapi shamba la mtu kama huyu limegawanywa baina ya ndugu kwa hoja kwamba "yeye hana matumizi"? Mzazi aliye hai leo na amteue msimamizi mwaminifu, mbele ya mashahidi, na mtoto mwenyewe awepo aulizwe angependa kuishi na nani. Kisha amtume dukani kwa fedha zake mwenyewe. Akirudi na pungufu, amtume tena kesho yake.