Mwizi Mvivu na Mwanafunzi Maskini

Tarehe 30 Septemba 2016, mtu aliyejiita Anna-senpai alimwaga msimbo wote wa Mirai mahali wadukuzi wanapokutana mtandaoni. Msimbo, yaani yale maandishi yenyewe ambayo mtengeneza programu huandika kabla hayajageuzwa kuwa kitu cha kompyuta kuendesha. Mirai haikuwa na haja na laptopu yako. Ilizunguka ikitafuta kamera za CCTV, rekoda zake na ruta za Wi-Fi, ikibisha kila mlango kwa majina na nywila takriban 60 ambazo viwanda huweka: admin na admin, root na 12345, root na xc3511. Mlango ukifunguka, kifaa kimeajiriwa. Mwenyewe haoni kitu, labda mtandao uwe wa kujikokota kidogo. Halafu siku moja vifaa laki kadhaa vinaambiwa vipige hodi kwenye tovuti moja kwa wakati mmoja, nayo inazirai. Kama ulikuwa unatafuta paspoti Julai 2023 wakati eCitizen ilipozidiwa, unaijua ladha yake, ingawa silaha ya siku hiyo ilikuwa nyingine.

(Wataalamu watasema Mirai ni mnyoo, si kirusi. Sawa. Mwenye kamera hajali.)

Swali ni kama msimbo wa kitu kama hicho unafaa kuwekwa wazi kila mtu ausome. Majibu ya kawaida unayajua. Mmoja anasema siri humlinda mwizi, tuweke kila kitu mezani. Mwingine anasema huwezi kugawa panga sokoni halafu ushangae watu wakikatwa. Wote wawili hupenda kuanzia kwenye nia ya anayetoa, na hapo ndipo mimi naona wanapotea.

Tuanze na nia mbaya. Anna-senpai alikuwa Paras Jha, mwanafunzi wa chuo kikuu huko New Jersey, Marekani. Yeye na vijana wenzake wawili walikiri makosa Desemba 2017. Hakumwaga msimbo kwa ukarimu. Wachunguzi walikuwa wanakaribia, na kitu kikishakuwa mikononi mwa kila mtu, kukutwa nacho si ushahidi tena. Ni kama mwizi anayerusha noti hewani pale Gikomba ili umati uingie kati yake na wanaomfukuza. Umati ukaingia kweli. Oktoba 21, wiki tatu tu baadaye, watu wengine wakatumia Mirai kuipiga Dyn, kampuni inayosaidia kompyuta kujua tovuti ziko wapi, na Twitter, Netflix na Spotify zikawa hazifunguki kwa mamilioni ya watu. Muingereza mmoja, Daniel Kaye, akatengeneza toleo lake na kulitumia dhidi ya Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, kwa malipo ya mtu wa kampuni pinzani. Alifungwa Januari 2019. Liberia! Kijana anajificha New Jersey, simu zinakosa mtandao Monrovia.

Lakini msimbo uleule ulisomwa na watafiti dunia nzima. Ile orodha ya nywila ikajulikana neno kwa neno. Nia mbaya, faida ya kweli.

Sasa nia njema. Agosti 2015, Utku Sen, mtaalamu wa usalama wa Uturuki, aliweka wazi Hidden Tear, programu inayofunga mafaili ya mtu kwa ufunguo wa siri, ile aina ambayo wahalifu hutumia kudai pesa. Alisema ni ya kufundishia. Akaiachia kasoro makusudi, ili mjanja akiitumia vibaya mafaili yaweze kuokolewa. Akaja na nyingine, EDA2, na hiyo akaificha mlango wa nyuma pale funguo zinapotunzwa. Huyu huwezi kumwita mzembe. Mapema 2016 ikatokea programu iliyoitwa Magic, imejengwa juu ya EDA2. Wahalifu walikuwa wameweka funguo kwenye seva ya bure, wenye seva wakaifuta, na mlango wa nyuma wa Sen ukawa wa nyumba isiyokuwepo. Mwishowe mtu mzima huyo alijikuta akijadiliana na wezi, akaondoa msimbo wake ili waathiriwa wapewe funguo. Noma.

Kwa hivyo nia haitufikishi mbali. Tuangalie bei.

Kirusi chenyewe hakifichiki. Kikishaanza kusambaa, kila aliyeumizwa ana nakala. Mtaalamu mwenye muda anaweza kuifungua nakala hiyo na kuielewa polepole, kama fundi anayefungua saa ambayo hajawahi kuona michoro yake. Msimbo ukiwekwa wazi, kinachoshuka ni gharama: kazi ya wiki inakuwa ya saa moja. Nani anafaidi punguzo hilo? Si kampuni kubwa za antivirasi, zingefika tu. Si mhalifu hodari, huyo anaandika vyake. Wanaofaidi hasa ni wawili: mwizi mvivu, ambaye peke yake hangeweza kutengeneza chochote, na mwanafunzi maskini, ambaye hana mwalimu wala kazi ya kumfikisha kwenye siri hizo. Na wakati mwingine hao wawili wanakalia kiti kimoja. Mei 2017, WannaCry ilipokuwa inafunga kompyuta za hospitali za Uingereza, aliyeisimamisha alikuwa Marcus Hutchins, kijana wa miaka 22 aliyejifundisha mwenyewe. Aliona kwamba kirusi kinauliza jina fulani la tovuti ambalo halina mwenyewe, akalisajili. Miaka miwili baadaye alikiri mahakamani Marekani kwamba alipokuwa mdogo zaidi alitengeneza programu ya kuibia watu benki.

Na WannaCry ilitoka wapi? Ilisambaa kupitia udhaifu wa Windows ambao shirika la ujasusi la Marekani, NSA, liliujua na kuuweka kimya kwa matumizi yake, hadi silaha hiyo ikaibwa na kumwagwa. Kwa hivyo anayeniambia siri iachiwe wakubwa, nampa mfano huo kwanza. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na nikisikia "wapewe wataalamu waliothibitishwa pekee", najua niko upande gani wa geti. Sheria yetu ya 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta inaadhibu kusambaza programu zilizoundwa kwa uhalifu, na inaacha nafasi kwa mafunzo na majaribio. Mwenye kampuni ataonyesha barua. Msee anayejisomea kwa simu Githurai ataonyesha nini?

Bado siko na wale wa kumwaga kila kitu. Ningeweka wazi uchambuzi wote: kirusi kinaingiaje, kinajifichaje, vipande vya msimbo vinavyofundisha, orodha ya nywila, bila geti na bila vyeti. Virusi vya kompyuta zilizokufa zamani, weka mpaka nukta ya mwisho. Lakini mtambo mzima ulio tayari kuwashwa, wakati vifaa unavyovila bado viko ukutani, hapana. Mwanafunzi anapoteza kitu hapo, kwa sababu kuendesha kitu chenyewe hufundisha kuliko kukisoma. Ninahesabu hasara hiyo na bado nasema hapana. Kuna mtu wa tatu ambaye hayuko kwenye mjadala: keateka wa ploti Pipeline, na kamera nne ambazo landilodi alinunua Luthuli. Hajui kuna mjadala.

Xiongmai, kampuni ya China ambayo vipuri vyake vilikuwa ndani ya kamera nyingi zilizonaswa na Mirai, ilitangaza mwaka huo wa 2016 kwamba itarudisha baadhi ya bidhaa. Zile zilizouzwa Marekani. Na katika baadhi ya vifaa ile root na xc3511 ilikuwa imechomelewa ndani: mwenye kamera akibadilisha nywila anayoiona, ya ndani inabaki palepale.

Ukiniuliza kama msimbo wa Mirai uondolewe leo, nitakwambia usijisumbue, umenakiliwa kila mahali na bado unazaa. Ila anayetaka kumwaga mwingine usiku wa leo, kwanza aniambie ni nani atampigia yule keateka simu, na kama kamera zenyewe zitakubali kubadilishwa.